Punje Nyeupe Katika Gunzi la Manjano: Hesabu ya Urithi Uliofichika

Wahenga walinena kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata hivyo, mkulima wa Kitui au Makueni akipanda punje za manjano pekee, huenda akavuna gunzi lenye punje nyeupe. Je, methali imekosea? La hasha! Urithi una sehemu isiyoonekana kwa macho, nayo yaweza kuhesabiwa.

Mahindi ya Katumani, ambayo mbegu yake ilitokana na utafiti uliofanyika Katumani, Machakos, kwa ajili ya sehemu zenye mvua haba, si mahuluti. Mimea yake huchavushana kwa upepo bila kuchaguana, na mkulima huweza kujiwekea mbegu. Shamba la namna hii hukaribia kuwa kundi linalozaliana kinasibu.

Mahindi hayo ni meupe. Ichukuliwe kwamba yamechanganyika na ya manjano. Kila punje hurithi jeni moja ya rangi kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Jeni ya manjano (M) huishinda ya weupe (m). Kwa hivyo MM na Mm ni manjano, na mm pekee ndiyo nyeupe.

Mwaka 1908, mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy na daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba iwapo kiwango cha M ni p na cha m ni q, basi MM ni p², Mm ni 2pq na mm ni q².

Tuseme katika punje 100, nyeupe ni 36. Basi q² ni 0.36, q ni 0.6 na p ni 0.4. MM ni 16, Mm ni 48. Yaani, katika punje 64 za manjano, robo tatu zimeficha weupe!

Mkulima akipanda zile 64 tu, q hushuka hadi 0.375, na nyeupe hurudi kwa kiasi cha 14 katika kila 100. Akirudia kuchagua, msimu unaofuata hubakia takriban 7. Apendaye nyeupe ana nafuu: nyeupe haifichi kitu, hivyo uteuzi wa msimu mmoja humtosha, mradi chavua ya jirani isivuke mpaka.

Kwa hakika, mtoto wa nyoka ni nyoka. Ila rangi ya babu yaweza kupita kimya kwa mzazi, ikajitokeza kwa mjukuu.