Neno "manowari"

Manowari ni merikebu ya vita. Huchukua askari na mizinga, nayo hulinda bahari ya nchi yake au hupigana na adui. Watu wamelizoea neno hili hata likawa la Kiswahili kabisa. Lakini asili yake ni Kiingereza.

Waingereza husema "man-of-war", maana yake "mtu wa vita". Hapo kwanza walimwita hivyo askari. Baadaye jina likapita kwa merikebu ya kupigana. Vivyo hivyo merikebu ya biashara waliiita "merchantman", yaani mtu wa biashara. Wakisema "man-of-war" upesi, sauti ya mwisho ya "of" hupotea. Waswahili wakalisikia hivyo, wakatia i mwishoni, neno likawa jepesi kutamka.

Walilisikia wapi? Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilikuja pwani ya Afrika ya Mashariki kuzuia biashara ya watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kulifunga soko la watumwa, lakini wachuuzi wengine waliendelea kwa siri. Tangu mwaka 1874 manowari jina lake London ilikaa Unguja, na mashua zake zilizunguka kutafuta majahazi yenye watumwa. Kati ya watumwa wa siku zile walikuwamo watu wa Manyema, waliotembea kwa miguu toka Kongo mpaka pwani. Mchuuzi aliposikia "Manowari!" alitetemeka. Mtumwa aliyefichwa ndani ya jahazi alipata tumaini. Watoto wengine waliookolewa walilelewa na Wapadri wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo, katika misioni iliyoanzishwa mwaka 1868.

Lakini tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani, kule kule Unguja. Vita havikufika saa moja, na mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa.

Basi manowari iliokoa watu, na manowari iliua watu. Chuma hakina nia. Neno lenyewe lataja "mtu": mtu ndiye aliyefungua minyororo, na mtu ndiye aliyewasha mizinga.

Maulizo
1. "Man-of-war" maana yake nini?
2. Kwa nini mchuuzi wa watumwa aliogopa manowari?
3. Ni nini kilichotokea Unguja mwaka 1896?