Pembe ya Kale Bila Daftari Hupotea Mara Mbili

Tarehe 25 Agosti 1939, siku chache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kuanza, wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa katika pango la Stadel, kusini mwa Ujerumani, walikuta vipande vingi vya pembe. Kazi ilikuwa inafungwa siku hiyohiyo. Shimo likafukiwa kwa udongo uleule uliotolewa, na vipande vikawekwa ghalani. Vilikaa huko miaka 30, mpaka Joachim Hahn alipovitoa mwaka 1969 na kuunganisha 200 hivi. Ikatokea sanamu ya mtu mwenye kichwa cha simba, iliyochongwa kwa pembe ya mamothi, mnyama wa jamii ya ndovu aliyekwisha toweka, takriban miaka 40,000 iliyopita.

Kuanzia 2008 wataalamu walirudi pangoni. Mahali pa shimo la zamani palijulikana, kwa hiyo walichekecha upya udongo uliofukiwa na kupata mamia ya vipande zaidi. Walijaribu kwanza kuviunga kwenye kompyuta, ili sanamu isibomolewe kwa kubahatisha. Leo ipo katika makumbusho ya Ulm, ina urefu wa sentimita 31. Kilichoiokoa ni kumbukumbu ya mahali ilipotoka.

Habari hii inawahusu pia watu wa Palma, Mocímboa da Praia, Macomia na visiwa vya Kirimba, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kwani udongo wao nao unaweza kuficha pembe za kale. Tangu 5 Oktoba 2017 pwani hii imeishi na vita, watu wamehama, na utafiti wa mambo ya kale umekwama. Hata hivyo msingi upo. Mwaka 2007 mwanaakiolojia wa Msumbiji, Hilário Madiquida, alichapisha katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, utafiti wake kuhusu jamii za pwani ya Cabo Delgado kuanzia mwaka 1000 hivi. Amani ikitulia, kuna pa kuanzia.

Kwa nini tujali pembe hasa? Kwa sababu ilikuwa roho ya biashara ya pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 10, mwandishi Mwarabu al-Masudi aliandika kwamba pembe za ndovu kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani hii, zilipelekwa Oman, kisha India na China. Pembe nyingi ziliondoka ghafi, zikachongwa na mikono ya mbali. Zilizochongwa na kubaki kwetu ni chache, na mfano mkubwa ni siwa ya Pate, baragumu la pembe lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, linalohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Palipo na uchache wa namna hii, hata kipande cha bangili au taka iliyoanguka chini ya patasi ni ushahidi wa kwamba palikuwa na fundi.

Mtaalamu akipokea kipande, swali la kwanza ni la mnyama gani. Pembe ya ndovu ikikatwa pingili kama muwa, uso wake huonyesha mistari miembamba inayopishana, iitwayo mistari ya Schreger. Upande wa nje wa pembe, mistari ya ndovu hupishana kwa nyuzi zaidi ya 115 kwa kawaida, na ya mamothi kwa chini ya 90. Meno ya kiboko, ambayo nayo huchongwa, hayana mistari hiyo. Kipande kikiwa tayari na uso uliokatwa hivyo, picha nzuri ya karibu inaweza kuonyesha tofauti, bila kukwangua chochote.

Baada ya hapo huja kazi ya kidijitali. Njia iliyo nafuu kuliko zote ni fotogrametria. Kifaa huwekwa mahali pasipo na jua kali, kikapigwa picha nyingi kukizunguka, kila moja ikirudia sehemu ya ile iliyotangulia. Programu hutafuta alama zinazofanana na kujenga umbo la pande tatu. Pembeni lazima pawe na rula, la sivyo umbo halitakuwa na kipimo cha kuaminika, na kadi ya rangi ili weupe au ukahawia wa pembe usidanganye. Kisha kamera hutulizwa mahali pamoja, na taa ikahamishwa kutoka upande hadi upande. Vivuli vinavyobadilika huibua alama za patasi na msasa ambazo jicho halizioni.

Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Umbo la pande tatu lisilo na jina la mahali, tabaka la udongo, kina, tarehe na vitu vilivyokuwa jirani, ni pambo tu. Daftari hilo ndilo huonyesha kama bangili ilitoka kaburini, jikoni au karakana ya mchongaji.

Picha za awali na daftari vihifadhiwe katika nakala kadhaa, na nakala moja ibaki Msumbiji, kwa mfano katika makumbusho ya taifa ya etnolojia mjini Nampula. Haifai mwanafunzi wa Cabo Delgado aombe ruhusa Ulaya ili aone kilichotoka kijijini kwao. Mahali halisi pa ugunduzi pasitangazwe hadharani, maana wezi wa mambo ya kale na wafanyabiashara wa pembe nao husoma.

Sheria ya Msumbiji namba 10/88 inalinda urithi huu, lakini sheria haifiki shambani kabla ya jembe. Ndugu msomaji, ukikuta kitu kinachofanana na pembe ya kale ukilima, ukichimba kisima au msingi wa nyumba, usikioshe wala usikianike juani. Pembe hukua kwa matabaka, na iliyolowa ardhini ikikauka haraka hupasuka. Iache ilipo, weka sarafu kando yake iwe kipimo, piga picha kwa simu, andika tarehe na mahali, kisha toa taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya. Hapo utakuwa umeanza kazi ambayo mtaalamu ataweza kuimalizia, hata akichelewa miaka mingi.