Mstari wa mvua barazani

Sakafu ya mbao kwenye baraza lenye paa haiharibiki yote kwa mpigo. Karibu na mlango ubao hukaa mkavu mwaka mzima, hauguswi na maji ila yale ya deki. Ukingoni, hatua tatu au nne kutoka hapo, ubao huohuo hulowa kila mvua inapokuja na upepo, kisha huchomwa na jua la asubuhi. Katikati ya pande hizo mbili pana mstari usioonekana siku za kiangazi, na hapo ndipo mbao huanza kupasuka, kubinuka kingo na kuota ukungu mweusi. Baraza si ndani wala si nje. Kwa hiyo mbao inayofaa sebuleni si lazima ifae barazani, hata kama paa ni zuri.

Fundi wa sakafu aliyezoea kazi za pwani hutafuta mstari huo kabla ya kutaja jina la mti wowote. Njia yenyewe ni nyepesi: mvua ikikatika, kabla zege halijakauka, huchukua chaki na kufuata mpaka wa unyevu kutoka nguzo hadi nguzo. Mvua inayofuata huchora mstari mwingine. Baada ya mvua nne au tano, zege huwa na mistari kadhaa iliyopishana kama alama za maji kupwa ufukweni, na ule ulioingia ndani zaidi ndio wa kuaminiwa. Mara nyingi mistari hiyo haiendi sambamba na ukuta. Huingia ndani penye pembe iliyo wazi, hurudi nje penye mti au ukuta wa jirani, na chini ya mfereji wa paa unaovuja huchimba ghuba yake yenyewe. Baraza linaloelekea kusini hupata kipimo chake cha kweli masika, kusi inapoanza kuvuma. Lililopimwa wakati wa vuli peke yake huwa limepimwa nusu. Ni kazi ya miezi, na wenye nyumba wengi hawana subira nayo. Lakini hakuna taarifa nyingine kuhusu baraza yenye thamani kama michoro hiyo ya chaki, na inasikitisha kuona inafutwa kwa ufagio siku mbao zinaposhushwa.

Mstari ukishajulikana, linakuja swali la mbao zilale vipi. Zikitoka ukutani kuelekea nje, maji hufuata viungo na kuteremka hadi ukingoni, mradi sakafu ina mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita. Huo ndio mlazo wa zamani wa mbao za ulimi na mfereji. Kasoro yake ni kwamba kila ubao huvuka mstari wa mvua: kichwa kimoja kinaishi kiangazi, cha pili kinaishi masika. Kichwa cha nje hufura na cha ndani hakifuri, na nyufa huanza kati yake. Mbao zikilazwa sambamba na ukuta, zile tatu au nne za nje hubeba adhabu yote peke yake na zinaweza kung'olewa na kubadilishwa bila kugusa nyingine. Ila hapo kila kiungo kinakingama njia ya maji, kwa hiyo lazima paachwe nafasi ya milimita 5 hivi kati ya mbao ili maji yaanguke chini, na huko chini pawe na mahali pa maji kwenda. Mafundi hawajakubaliana juu ya hili. Mlazo wa kwanza unapendeza macho zaidi; wa pili ni rahisi kukarabati.

Ubao haukauki ukaisha. Hupumua na hewa, ukipanuka na kusinyaa kwa upana, huku urefu wake ukibadilika kidogo mno. Pwani, hewa ya Dar es Salaam au Mombasa huuweka kwenye unyevu wa takriban asilimia 15 ya uzito wake mkavu. Dodoma wakati wa kiangazi hushuka kuelekea asilimia 10. Ubao wa mtiki wenye upana wa milimita 100, uliopasuliwa ubavuni mwa gogo, ukitoka asilimia 16 hadi 10 hupoteza milimita 1 na ushei. Milimita 1 ni kitu kidogo, lakini baraza la mita 4 lina mbao 40, na 40 zikikusanya milimita zao zinafika sentimita 4. Na mtiki ni miongoni mwa miti iliyotulia kuliko mingi. Safari ya kinyume ni mbaya zaidi: mbao zilizokaushwa sana, zikabanwa barabara kwenye baraza la pwani, hufura zikakosa pa kwenda, na sakafu hunyanyuka katikati.

Namna gogo lilivyopasuliwa ina uzito kama jina la mti. Kichwa cha ubao huonyesha pete za ukuaji: zikilala kama mikeka iliyopangwa, ubao huo utacheza sana na kubinuka kingo, zikisimama wima, utacheza karibu nusu tu. Mbao za pete wima ni chache kwenye kila gogo, na ndizo za kuwekwa kwenye ukanda wa mvua. Zilizobaki ziende ndani. Kisha zote hupangwa barazani penyewe, juu ya papi ili hewa ipite kati yake, zikae wiki tatu au nne zizoee mahali kabla msumeno haujazigusa.

Kwenye yadi za mbao jina linalotajwa kwanza siku hizi ni mtiki, ambao Zanzibar huitwa msaji. Mti huu si wa hapa. Ulipandwa Tanganyika tangu enzi za Wajerumani, na leo mashamba ya serikali ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro, ndiyo yanayojulikana zaidi. Mafuta na kemikali zilizo kwenye kiini chake huwachukiza mchwa na kuvu. Mvule nao hustahimili maji vizuri na hauchezi sana, ila una siri ndani: mti huu hujijengea mawe. Ni chokaa iliyoganda kwenye nyufa na majeraha ya mti ungali hai, mara nyingine vijiwe, mara nyingine bonge zima, na msumeno hauna habari nalo mpaka uligonge. Ubao wa mvule uliopitiwa randa vizuri bado unaweza kuwa na doa jeupe, gumu, linalomaliza makali ya kisu cha mashine papo hapo. Ukitoka kupasuliwa huwa wa manjano, kisha mwanga huugeuza kahawia. Jamvi likitandikwa barazani miezi michache na kuondolewa, umbo lake hubaki sakafuni likiwa jepesi kwa rangi, na paa nalo huacha kivuli chake kwa namna hiyohiyo.

Mbambakofi, ambao bara ni mkongo, umetengeneza milango ya pwani kwa karne nyingi na hakuna wa kuubishia uimara. Kwenye baraza una jambo moja la kuangaliwa: vinyweleo vyake vina unga wa manjano unaoyeyuka kwa maji. Mvua za kwanza huuteremsha, na ukuta mweupe au ngazi za chini hubaki na michirizi. Mpangapanga wa kusini ni mzito, wenye milia mizuri ya giza, lakini hutoa vibanzi, na baraza ni mahali pa nyayo tupu na watoto wanaotambaa. Mninga ndio mtulivu kuliko yote iliyotajwa. Ni mwepesi kiasi, kwa hiyo hukwaruzika upesi miguu ya viti inapoburutwa, lakini ugumu si hoja kubwa barazani. Marekani wengi hupendelea ipe ya Amerika Kusini kwa sababu ni ngumu kupita kiasi. Kinachoua sakafu ya baraza, hata hivyo, ni maji yanayokuja na kuondoka, si visigino.

Sifa zote hizo ni za kiini. Weupe unaokizunguka, ule wa upande wa ganda, huliwa na bungua na mchwa kwa mti wowote ule, uwe mtiki au mvule. Mtiki wa shambani uliovunwa ungali kijana una weupe mwingi, na ubao unaweza kuwa na ukingo wa kahawia na ukingo wa rangi ya maziwa. Ubao uliopakwa mafuta au rangi kabla ya kuuzwa hauonyeshi tofauti hiyo. Mapito mawili ya randa kwenye kona moja humaliza ubishi, na muuzaji anayekataza randa ametoa jibu.

Upande wa chini husahaulika. Mbao zikilazwa juu ya zege bila nafasi, unyevu wa ardhini huupata mgongo wa ubao huku uso ukikaushwa na upepo, na ubao hubinuka hata kama haujawahi kunyeshewa. Papi za kuinua mbao, nafasi ya hewa, na mafuta yaliyopakwa pande zote mbili na vichwani huzuia sehemu kubwa ya balaa hilo. Vichwa ndivyo vinavyokunywa maji haraka kuliko pengine popote. Skrubu ziwe zisizoshika kutu, maana chuma cha kawaida huacha duara jeusi kwenye miti hii, na tundu litobolewe kwanza. Vanishi ifanye kazi ndani ya mstari wa mvua. Nje yake hupasuka, maji huingia chini yake na kunaswa. Huko mafuta ndiyo yanayofaa, yakirudiwa kila mwaka kabla ya masika.

Linabaki suala la mti ulikotoka. Mche wa mninga porini hunyauka kila kiangazi na kuchipua upya kutoka kwenye mzizi, mwaka baada ya mwaka, mpaka mzizi upate nguvu ya kuinua shina lisilorudi chini tena; baada ya hapo unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Mwaka 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, huko Panama uliiweka jamii ya mninga na ya mbambakofi ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa, na ipe ikaingizwa pia. Ndani ya Tanzania, mbao halali husafiri na hati na huwa zimegongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Lakini alama ya nyundo hukatwa ubao unapofupishwa, au huliwa na randa unapolainishwa, na hati hubaki kwa aliyenunua lori zima. Anayenunua mbao 40 za baraza lake yadini hupewa risiti yenye jina la mti na futi. Msitu ulikokatwa hauandikwi humo, na hakuna dalili kwenye ubao wenyewe inayoweza kumwambia.