Nani alikatwa kwenye picha ya familia yenu?

Jumapili ni siku ya kutembeleana. Huenda leo baada ya ibada utapita kwa shangazi, kwa rafiki wa zamani au kwa mzee mliyesali naye miaka mingi, na kabla chai haijapoa utaletewa albamu. Nakuomba usiipitie haraka haraka kama mtu anayeperuzi simu. Tazama kingo za picha. Huko ndiko kwenye maneno.

Utakuta ile ya bwana aliyevaa suti ya kuazima na bibi aliyeshika mkoba, nyuma yao pazia la studio. Utakuta nyingine imekatwa kwa mkasi. Mkono wa mtu umebaki begani mwa babu, lakini mwenye mkono hayupo. Ukiuliza, sebule inanyamaza kidogo, kisha mmoja anasema, "Ah, hiyo iliharibika tu."

Haikuharibika. Ilikatwa, na aliyekatwa ana jina.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi tumeamka. Kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya waliosoma pamoja na ya wanakwaya wa zamani, mtu anatupia picha ya miaka ya sitini na wenzake wanashindana kutaja majina. Vijana wanazichukua, wanaziba mikunjo, wanaondoa madoa, wanazirudisha ziking'aa. Ni kazi njema, tena ya haraka, maana wanaozijua hizo sura wanapungua kila mwaka. Lakini tunarekebisha makaratasi bila kuuliza ni nani aliyechanwa.

Kumbuka zamani kupiga picha ilikuwa safari. Watu walioga, wakavaa, wakapanda basi kwenda mjini. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, kulikuwa na Capital Art Studio, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na karibu kila mji wa kwetu ulikuja kuwa na studio yake. Picha ikishasafishwa, mtu hakuchukua nakala moja. Alichukua tatu au nne, moja ya nyumbani, nyingine za kugawa kwa marafiki, na nyuma aliandika kwa kalamu ya wino kwamba ni ya ukumbusho, akaweka mahali na tarehe. Kwa hiyo picha moja iliishi kwenye nyumba kadhaa. Iliyoliwa na mchwa kwenu yaweza kuwa salama kwa rafiki wa baba yako. Na iliyokatwa kwenu yaweza kuwa nzima kwake, kwa sababu yeye hakuwa na ugomvi na mtu yeyote aliyesimama pale.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa na picha ya harusi ya wazazi wake, ya mwaka 1968, upande wa kulia umekatwa. Alikwenda kumjulia hali bibi aliyemsimamia mama yake siku ile, akamweleza kwamba anataka kuitengeneza. Bibi akavuta kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda, akatoa ileile, nzima. Upande wa kulia alisimama binti wa miaka kama kumi na sita, ameshika maua.

"Mwanangu, humjui? Huyu ni shangazi yako. Yupo Morogoro."

Binti yule alipata mimba kabla ya ndoa, miezi michache baada ya harusi, akafukuzwa nyumbani. Babu ndiye aliyeshika mkasi. Wajukuu wote walikua bila kulisikia jina lake hata kwenye sala za marehemu, kwa kuwa hakuwa marehemu. Yule mama alisafiri wiki iliyofuata. Shangazi alikuwa mzee, haoni vizuri. Aliisogeza picha karibu kabisa na uso, akakaa nayo muda mrefu, kisha akauliza jambo moja: ni nani aliyeitunza?

Sasa fungua Injili ya Mathayo, sura ya kwanza, ile orodha ya majina tunayoiruka kwa sababu inachosha. Ni picha ya ukoo wa Bwana wetu. Humo yumo Tamari, ambaye habari zake katika kitabu cha Mwanzo hakuna mzazi anayependa kuwasomea watoto kabla ya kulala. Yumo Rahabu wa Yeriko. Yumo Ruthu, mgeni kutoka Moabu. Kisha Mathayo anafika kwa Daudi, mfalme mpendwa, mahali ambapo mtu wa kawaida angepaka rangi nzuri apite. Yeye anataja kwamba mama yake Sulemani alikuwa mke wa Uria. Angeweza kuandika tu kwamba Daudi alimzaa Sulemani, na ingekuwa kweli. Lakini alimrudisha Uria, aliyeuawa kwa amri ya mfalme, akamsimamisha katikati ya picha. Mwinjilisti alikuwa na mkasi mkononi na hakuutumia.

Kukata ni njia moja tu ya kudanganya. Kuongeza ni nyingine, na hii imekuwa rahisi mno. Programu za akili mnemba zinachukua picha nyeusi na nyeupe na kuirudisha ikiwa na rangi kwa sekunde chache. Watu wanalia kwa furaha. Lakini jua kinachofanyika: filamu ile haikuhifadhi rangi, kwa hiyo programu inakisia tu kama kanga ilikuwa nyekundu au ya kijani. Na sura ikiwa imefifia, inachora macho, pua na meno kutokana na sura nyingi ilizojifunza za watu wengine. Unaletewa bibi anayependeza sana ambaye si bibi yako. Kuziba ufa uliopita ukutani au angani sioni ubaya. Kumbunia marehemu uso mpya, halafu ukawatumia wajukuu kana kwamba ndivyo alivyokuwa, kunakaribia sana amri inayokataza ushahidi wa uongo. Ukitaka kuipenda hiyo ya rangi, ipende, lakini iandike kwamba imetiwa rangi, na ile halisi iende pamoja nayo.

Kwa atakayeanza kazi hii, mambo machache ya mikono. Usifute picha kwa kitambaa chenye maji. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, ipige ikiwa na kioo chake. Weka picha karibu na dirisha pasipopigwa na jua, zima mwanga wa kamera, shika simu juu yake ikiwa imelala sawa. Piga na upande wa nyuma pia, kwa sababu ya mwandiko. Ukiituma, itume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Zile za rangi za miaka ya sabini na themanini zifanye kwanza. Rangi zake hufifia hata zikiwa gizani, ndiyo maana nyingi zimebaki na wekundu, wakati nyeusi na nyeupe zilizooshwa vizuri studio zinavumilia zaidi. Ukiandika nyuma ya picha, tumia penseli laini.

Wajapani walitufundisha kitu baada ya tsunami ya Machi 11, 2011. Watu waliokuwa wakitafuta miili na kuondoa vifusi waliokota pia albamu kwenye matope. Wajitolea walizisafisha picha moja moja kwa maji masafi na brashi laini, kazi ya subira isiyofaa kujaribiwa na mtu asiye na ujuzi, wakazianika, kisha wakazipanga kwenye kumbi ili wenyewe waje kuzitafuta. Wengi wa waliokuwa wakiosha hawakuwajua waliomo kwenye picha. Walizitunza zote, bila kuchagua nani anastahili.

Neno moja la tahadhari, maana najua wapo watakaofurahi kupita kiasi. Picha nzima ikipatikana, usikimbilie kuitupia kwenye kundi lenye watu themanini. Waliokatwa wana watoto, na wengine hawakuwahi kuambiwa. Anza na mwenye picha. Mwulize yeye anataka nini.

Yule shangazi aliomba isitumwe kokote. Hakutaka kuwa habari ya ukoo kwa wiki moja. Wakachapa nakala mbili tu, na bila mtu kumkumbusha, yule bibi wa kopo la biskuti aliomba penseli, akazigeuza, akaandika majina ya wote waliosimama, kuanzia kushoto.