Asali ya Tabora, ukoo wa maua na mtoto mchanga

TABORA, kituo kikubwa cha misafara ya zamani kati ya Bagamoyo na Ujiji, leo wageni huondoka na asali. Wengi huinunua kwa ajili ya kikohozi cha watoto.

Je, ua linaweza kuitia asali sumu? Ndiyo. Huko Uturuki nyuki hufuata maua ya rododendroni, ya jamii ya Ericaceae, na asali yake hushusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Jamii hiyo ina mimea yake Kilimanjaro, juu ya msitu; hata chai ni jamaa yake wa mbali, na tunainywa kila siku. Undugu pekee hauleti sumu.

Asali ya Tabora hutoka zaidi kwenye miombo kama mtundu, wa jamii ya mikunde, ndugu wa maharage na karanga.

Lakini kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, ukoo wa ua hausaidii kitu. Asali yoyote inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa botulizimu, na kuichemsha nyumbani hakuviui. Aliyelambishwa akifunga choo, akanyonya kwa unyonge au sauti ya kilio ikafifia, awahishwe hospitali, na mzazi aitaje asali.