Kuchora magamba ya chambo bandia na watoto: Mzazi aanze kwa kukagua kopo la rangi

LIKIZO inapoanza na watoto wanashinda na simu, ipo kazi ya mikono ambayo mzazi anayeishi pwani au karibu na ziwa anaweza kuifanya nao nyumbani: kutengeneza chambo bandia. Kipande cha mti kinachongwa umbo la samaki mdogo, kinapakwa rangi na kufungwa ndoana, kisha kinakokotwa nyuma ya chombo ili nguru au kolekole adhani ni mlo wake.

Sehemu inayowavutia watoto zaidi ni kuchora magamba. Inafundisha subira, inazoeza vidole na inamfanya mtoto amtazame samaki kwa makini badala ya kumwona kwenye sahani tu.

Hatari inayoonekana haraka katika kazi hii ni ndoana. Isiyoonekana ni madini ya risasi, yanayoweza kuwa ndani ya kopo la rangi au katika kizito cha mshipi.

Vitu vya nyumbani vinatosha

Kazi hii haihitaji duka la kifahari. Mwaka 1936 nchini Finland, mvuvi Lauri Rapala alichonga chambo chake cha kwanza kwa kisu cha fundi viatu na msasa. Alikifunika kwa karatasi ya fedha ya kufungia chokoleti, kisha akakikinga na maji kwa kuyeyusha filamu za picha. Alikuwa amegundua kwamba samaki wakubwa humkimbilia yule mdogo anayeyumba kuliko wenzake. Leo jina lake linajulikana kwa wavuvi duniani kote.

Kwa pwani yetu, mti mwepesi kama shina kavu la ua la mkonge unafaa, maana unachongeka kirahisi na unaelea. Kisu ni kazi ya mzazi. Mtoto apewe msasa, alainishe mpaka mti uwe kama yai.

Kwanza mtazameni samaki

Kabla ya kugusa rangi, mzazi anunue kibua mmoja sokoni, amweke kwenye sahani na kumwachia mtoto amchunguze. Mgongo una kijani au buluu iliyokolea, ubavu unang'aa kama fedha, tumbo ni jeupe. Mpangilio huo humficha samaki. Anayemtazama kutoka juu huona giza la kina, na anayemtazama kutoka chini huona mwanga wa juu.

Magamba nayo hupangana kama vigae vya paa, ukingo ulio wazi ukielekea mkiani. Mtoto akishaliona hilo, ataelewa kwa nini kuchora vijiduara ovyo hakumfanyi samaki afanane na samaki.

Wavu wa shela hutoa magamba

Siri ya magamba yanayofanana na ya kweli ni kipande cha wavu. Mabaki ya shela ya bibi harusi kutoka kwa fundi cherehani hutoa magamba madogo, na mfuko wa wavu wa kufungia vitunguu hutoa makubwa. Chandarua chakavu kisitumike. Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na mtoto hapaswi kukivuta na kukikata kwa muda mrefu kisha apeleke vidole mdomoni.

Rangi iwe ya akriliki, ile inayochanganywa kwa maji lakini ikikauka haiyeyuki majini. Hatua zake ni hizi:

1. Paka chambo chote rangi nyeupe, acha ikauke kabisa.

2. Paka ubavu na mgongo rangi ya kijivu. Hiyo ndiyo itakayobaki kama mistari kati ya gamba na gamba. Tumbo libaki jeupe.

3. Kikikauka, kizungushie wavu na uukaze kwa vibanio vya nguo chini ya tumbo. Wavu ukilegea, magamba hupinda. Uanzie nyuma ya shavu, kichwa kiachwe laini.

4. Chovya kipande cha sponji kwenye rangi ya fedha, kifute kwenye gazeti mpaka kibaki na rangi kidogo sana, kisha kigongegonge ubavuni juu ya wavu. Usisugue. Mgongoni tumia kijani au buluu kwa njia hiyohiyo.

5. Inua wavu moja kwa moja kwenda juu rangi ikiwa bado mbichi kidogo. Ikikauka nao, itabanduka.

6. Malizia kwa jicho kubwa la njano lenye mboni nyeusi, halafu tabaka kadhaa za vanishi ya maji.

Jaribio la kwanza likiharibika si hasara. Msasa unafuta, na mtoto anaanza upya.

Sponji ina faida nyingine. Wanaotengeneza chambo wengi hutumia rangi ya kupuliza, ambayo mvuke na matone yake huingia kwenye mapafu, hasa katika chumba kilichofungwa. Nyumba yenye mtoto mwenye pumu isiikaribie. Gundi ya epoksi inayong'arisha chambo nayo inaweza kuleta mzio wa ngozi, hivyo ibaki kwa mtu mzima mwenye glavu, nje penye hewa.

Risasi kwenye kopo na kwenye chubwi

Makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki stoo ndiyo hupewa watoto wachezee. Hapo ndipo penye tatizo. Baadhi ya rangi za mafuta zimetengenezwa kwa madini ya risasi, hasa njano, chungwa na nyekundu zinazowaka. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Kopo la zamani au lisilo na maelezo lisitumike, na rangi kuukuu isipigwe msasa karibu na mtoto, maana vumbi lake ndilo humezwa.

Chanzo cha pili ni chubwi, yaani kizito cha kuzamishia mshipi. Mara nyingi ni risasi, na wapo wanaoiyeyusha wenyewe kutoka kwenye betri chakavu za magari. Mji wa Mombasa unajua gharama ya betri hizo. Wakazi wa Owino Uhuru walidhurika na vumbi na moshi wa kiwanda kilichoyeyusha betri jirani nao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Risasi isiyeyushwe kwenye jiko la nyumbani, wala kwenye sufuria inayopikiwa.

Mtoto pia asibane kizito kwenye mshipi kwa meno. Ndani ya chambo, nati ya chuma inatosha kuleta uzito. Uingereza ilipiga marufuku vizito vidogo vya risasi mwaka 1987 baada ya bata maji kufa kwa kuvimeza.

WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua. Mama mjamzito naye akae mbali, kwa kuwa risasi humfikia mtoto tumboni.

Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haina dalili za wazi. Mtoto anaweza kuumwa tumbo, kukosa choo, kuchoka, kukataa chakula au kurudi nyuma darasani, na mzazi akadhani ni minyoo au uvivu. Kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha. Mzazi mwenye wasiwasi amweleze daktari waziwazi kwamba mtoto alishika rangi za zamani au risasi.

Ndoana iwe ya mwisho

Ndoana zifungwe na mtu mzima baada ya kila kitu kukauka. Jino lake linaloelekea nyuma libanwe kwa koleo lilale. Ikimchoma mtoto na kuzama, isivutwe kwa nguvu. Apelekwe kituo cha afya, ambako pia ataangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Ikiwa ni jicho, isiguswe kabisa.

Kazi ikiisha, kila mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe. Chambo kitundikwe juu, mbali na mdogo wake anayetambaa.