ELEKTRONIKI: Kwa Nini Kikuzaji cha Transista Kinakwaruza?

Mfano wa swali

Mwanafunzi wa Mbalizi, mkoani Mbeya, ametengeneza pedali ya kukuza sauti ya gitaa la kwaya. Ametumia betri ya volti 9, transista moja ya NPN yenye namba BC547, resista ya kolekta ya 4.7 kΩ, resista ya emita ya 470 Ω, na resista ya besi ya 1.6 MΩ inayotoka kwenye chanya ya betri. Kuna kapasita moja ya kuingizia sauti na moja ya kutolea. Pedali ilifanya kazi vizuri. Transista ilipoungua, akaweka nyingine yenye namba ileile. Tangu hapo gitaa linakwaruza hata likipigwa taratibu. Amebadilisha waya, jeki na betri, bila mafanikio. Jumapili imekaribia. Tafuta chanzo na tiba.

1. Wimbi linapokatwa

Volteji ya kolekta haiwezi kupanda kupita volti 9 za betri, wala kushuka chini ya volteji ya emita. Gitaa likiwa kimya, kolekta inatakiwa kukaa karibu na katikati ili wimbi lipate nafasi juu na chini. Wimbi likikosa nafasi, kilele chake hukatwa. Wimbi lililokatwa huwa na masafa mapya ambayo hayakutoka kwenye nyuzi, na hayo ndiyo sikio huyasikia kama mkwaruzo.

Wapo wanaoutaka mkwaruzo huo. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alitumia pedali ya Maestro Fuzz-Tone kuupata kwa makusudi. Kwaya yetu inataka sauti safi.

2. Tenganisha vyanzo kabla ya kubadilisha kifaa

(a) *Sauti inayoingia ni kubwa mno.* Ukuzaji wa sakiti hii ni takriban 4700 ÷ 470 = mara 10. Kilele cha 0.1 V kinatoka kikiwa 1 V, na nafasi inatosha. Kilele cha 0.5 V kingehitaji 5 V, nacho kingekatwa. Punguza sauti kwenye gitaa. Mkwaruzo ukiisha, chanzo ni hiki.

(b) *Betri imechoka.* Ipime pedali ikiwa imewashwa.

(c) *Kolekta haiko katikati.* Gitaa likiwa kimya, pima volteji kati ya kolekta na hasi ya betri.

Kwa mwanafunzi wetu, (a) na (b) hazikuonyesha tatizo. Kwenye (c), mita ilisoma 1.0 V.

3. Hesabu

Transista ya kwanza ilikuwa na β = 200. Volteji ya besi hadi emita ni 0.6 V, na ya emita ni takriban 0.5 V.

Mkondo wa besi = (9 − 0.6 − 0.5) ÷ 1.6 MΩ ≈ 5 µA
Mkondo wa kolekta = 200 × 5 µA = 1 mA
Volteji ya kolekta = 9 − (1 mA × 4.7 kΩ) = 4.3 V

Hapo ni karibu na katikati.

Transista mpya ina β = 400. Mkondo wa besi hubadilika kidogo tu, kuwa takriban 4.7 µA. Kwa hiyo mkondo wa kolekta ungetakiwa kuwa 1.9 mA. Resista ya kolekta peke yake ingechukua 8.9 V na ya emita 0.9 V, jumla 9.8 V. Betri ina 9 V tu! Transista imeshiba. Kolekta haina tena nafasi ya kushuka, hivyo sehemu ya chini ya wimbi hukatwa.

Namba ileile haimaanishi β ileile. Kwa BC547, β inaweza kuwa kati ya 110 na 800.

4. Tiba

Ondoa resista ya 1.6 MΩ. Weka ya 680 kΩ kati ya kolekta na besi. Sasa mkondo wa kolekta ukizidi, volteji ya kolekta inashuka, mkondo wa besi unapungua, na kolekta inajirekebisha. Kwa β = 200 kolekta itakaa kwenye 4.4 V hivi, na kwa β = 400 kwenye 3.2 V hivi. Transista zote mbili zitatoa sauti safi.

Angalizo: Usijibu "transista ni mbovu". Transista hii ni nzima. Taja kipimo, onyesha hesabu, kisha taja sehemu ya wimbi inayokatwa.

Zoezi: Katika pedali ya mwanzo, mita inasoma 8.9 V kwenye kolekta na karibu 0 V kwenye emita. Sehemu ipi ya wimbi itakatwa, na ukague wapi kwanza?

Jibu: Mkondo wa kolekta ni mdogo mno, maana yake transista imekaribia kufunga. Sehemu ya juu ya wimbi itakatwa. Kagua kwanza resista ya besi na sehemu zake zilizochomewa risasi, huenda zimeachia.